Kuku wa Serikali na Mguu wa Ligunda

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini, na ningeapa mbele ya padri na shehe kwa pamoja, kwamba mfupa wa mguu wa Ligunda mpiga kasia ulihama ukaenda kukaa ndani ya mguu wa kuku. Sikuwa peke yangu. Ifakara nzima ilisema hivyo, toka kivukoni hadi lango la boma: kuku akishiba, Ligunda anacheua, kuku akinyeshewa, Ligunda anapiga chafya, na siku kuku atakapochinjwa, Ligunda ataanguka pale pale alipo kama gunia la mpunga. Wengine walisema kwa mzaha. Mimi nilisema kwa moyo wangu wote. Kila asubuhi nilimpa yule kuku shikamoo, kwa sababu Ligunda alinizidi umri.

Ninyi vijana wa zahanati mmenisumbua niandike, haya, naandika. Mkitaka habari za vyeo vyangu, kamuulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyevihesabu. Mimi nitaandika habari za kazi. Na mnivumilie: sijawahi kukaa kitini muda mrefu, na hata sasa kila baada ya mistari miwili nainuka kwenda kuchungulia mlangoni, kana kwamba kuna mgonjwa anakuja.

Nilianza kazi kabla kidogo ya vita vya maji. Elimu yangu ilikuwa ya shule ya usiku. Padri mmoja alitufundisha kusoma sisi wapagazi na wapishi baada ya kazi, kwa taa ya mafuta ya nyonyo iliyotoa moshi kuliko mwanga. Nilihitimu wa kwanza. Ni kweli tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa akilala tangu sala ya kuanzia, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Nikavaa kanzu safi, nikaenda kwenye kibanda cha dawa cha boma dogo la pale Ifakara, nikamkuta Mzee Feruzi, mfunga vidonda.

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa na misafara, akafunga vidonda vya wapagazi mpaka mwenyewe akasahau njia ya kurudi kwao. Alikuwa mfupi, mkavu, na hakucheka mbele ya mgonjwa wala nyuma yake.

"Unajua nini?" akaniuliza.

"Najua kusoma, Mzee."

"Kidonda hakisomwi. Shika beseni."

Nikashika beseni. Nilishika beseni masika nzima kabla sijaruhusiwa kugusa mkasi, hata nikilala vidole vyangu vilikaa kama vimebeba kitu. Lakini sikilizeni, vijana, maana hili ndilo ninalotaka mlichukue: beseni ndiyo kazi yenyewe. Mzee Feruzi alichemsha vitambaa vya kufungia mpaka vikawa vyeupe kuliko kanzu yangu. Alichemsha koleo, alichemsha mkasi, na angeweza angenichemsha na mimi. Tulitoa funza kwenye vidole vya watu kwa sindano na subira, tukaosha madonda ndugu yaliyonuka hadi mbwa walikimbia, na jioni tulisugua beseni kwa mchanga wa mtoni. Sijawahi kuona mgonjwa aliyeponywa na beseni safi peke yake, ila niliwaona wengi waliouawa na beseni chafu.

Kisha vita vikaja. Sitavisimulia, waliopigana wanaweza kusema wenyewe, na wengi wao hawapo. Mimi nilikuwa chini ya meza ya dawa na Mzee Feruzi alikuwa juu yake akifunga watu, wa huku na wa huku, bila kuuliza. Ninachokumbuka zaidi ni yaliyofuata. Maghala yalichomwa, mpunga ukaungua shambani, na njaa ikakaa bondeni kama mgeni asiyeaga. Watu walichimba mizizi ya porini wakala. Tuliletewa wagonjwa ambao dawa yao ilikuwa uji, na uji haukuwepo.

Na kwa kuwa vita vile vilianza na waganga waliogawa maji ya kugeuza risasi, boma likaona hatari katika kila chungu. Aliyechemsha majani alikamatwa. Aliyemwogesha mtoto kwa majani aliulizwa maji hayo yanageuza nini. Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi mwenye shingo nyekundu na fimbo ya kiboko, alitaka waganga wote wa bonde wapigwe marufuku, tena kwa mnyororo.

Bwana Daktari, Mdachi mwembamba aliyeshuka kutoka Mahenge kutukagua, akapinga. Walibishana barazani kwa lugha yao, nami nikiwa nimesimama na beseni langu. Mzee Feruzi, aliyeielewa nusu na kuibuni nusu, alinieleza baadaye.

"Daktari anasema ukiwafukuza waganga, watu wataendelea kutibiwa, ila mafichoni, wala hutajua nani anaponya na nani anaua. Anasema heri waje hapa, waonyeshe kazi yao mbele yetu. Anayefaa apewe kibati cha kuvaa shingoni, asiyefaa azuiwe. Na serikali igharamie: nyumba ya wagonjwa, chakula, mtu wa kusimamia."

"Na Bwana Mkubwa anasemaje?"

"Anasema serikali haina kitu."

Tangu wakati huo, vijana, nimesikia jawabu lile katika lugha tatu.

Daktari akarudi Mahenge, akamwachia Mzee Feruzi usimamizi bila fungu la fedha. Mambo yangeishia hapo kama Ligunda asingevunjika. Ligunda alikuwa Mndamba wa mtoni, kifua kipana, mzaha mwingi, akivusha mizigo ya boma kwa mtumbwi. Siku hiyo walikuwa wanavuta gogo la kuchonga mtumbwi mpya, kamba ikakatika, gogo likambingirikia mguuni. Aliletwa kwenye kibanda chetu akiwa amebebwa juu ya makasia mawili, muundi umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mzee Feruzi akautazama, akarudisha mkasi kwenye beseni. Vidonda alivijua. Mifupa hakuijua, na hakujifanya anaijua.

"Watanikata?" Ligunda akauliza.

"Sijui kukata vizuri," Mzee Feruzi akasema.

"Basi usijifunzie kwangu, Mzee. Ng'ambo kuna Bibi Lihami."

Bibi Lihami alikuwa muunga mifupa wa upande wa Lupiro. Tangu vita alikuwa hafanyi kazi yake waziwazi, maana ndugu zake wawili waganga walikuwa wamechukuliwa na hawakurudi. Kumwita bomani kulikuwa kama kumwita kuku jikoni. Lakini alikuja. Alishuka mtumbwini na mkoba wa vibanzi vya mianzi na kamba za magome, mwanamke mrefu, uso mkali, akapita mbele ya askari mlinzi kana kwamba ni nguzo ya ua.

Akaukagua mguu kwa ncha za vidole, akauliza, "Maji yako wapi?"

Kibanda kizima kiliganda. Naapa hata inzi walisimama hewani. Askari akashusha bunduki begani.

"Maji ya nini?" akauliza.

"Ya kunawa mikono, mwanangu. Au vita vyenu vimekataza kunawa?"

Nikakimbia na beseni. Mzee Feruzi alipomwona anasugua mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kumgusa mgonjwa, uso wake ulilegea kidogo. Alikuwa amepata mtu wake.

Bibi akaunyoosha ule mguu. Ligunda alipiga kelele iliyosikika Sanje, pengine Uchindile. Ulipofungwa kwa vibanzi, Bibi akasema, "Sasa naomba kuku."

Hii ni desturi ya waunga mifupa wengi wa kwetu. Kuku hutolewa na upande wa mgonjwa, akavunjwa mguu palepale alipovunjika mtu, naye akafungwa vibanzi. Siku kuku anapokanyaga, ndipo mtu huinuka. Lakini ilikuwa njaa, na kuku wa mwisho wa mji walikuwa bomani. Mzee Feruzi akaenda kwa Bwana Mkubwa kuomba, Bwana Mkubwa akaja mwenyewe kibandani, akasikiliza habari ile akicheka hadi shingo ikawa kama bendera.

"Vizuri," akasema. "Daktari anataka kupima mganga, tutapima. Kuku natoa. Siku kuku anatembea, huyu anabeba mzigo kwenda Mahenge. Akibeba, mwanamke anapata kibati, na waganga wengine waje kupimwa. Akianguka, mwanamke mnyororo, na waganga wote basi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Fungu lote la serikali la kusimamia tiba za asili katika bonde la Kilombero likawa kuku mmoja mwekundu. Na msimamizi wa kuku nikateuliwa mimi. Watu wakaacha kuniita kwa jina, wakaniita Bwana Kuku, na nilifurahi kuliko inavyofaa.

Bwana Mkubwa alipoondoka, nilidhani tumeshinda. Nikamkuta Mzee Feruzi ameinama, na Bibi anaukaza mkoba wake kwa hasira.

"Kuna nini, Bibi? Kuku si tumepata?"

"Tumepata," akasema. "Kalete kuni."

Vijana, siku zile sikujua kutulia. Mji wenye njaa ulikuwa na kuku mmoja aliyefungwa mguu, hawezi kukimbia, na kila mpita njia alimtazama kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Askari walimtazama. Mbwa walimtazama. Nilimfanyia tundu la matete, asubuhi nikaliweka nyuma ya kibanda, mchana mbele, jioni nikaliingiza chumbani mwangu. Nikienda mtoni nilikwenda naye kichwani. Alipokohoa mimi nilikwenda mbio kumtazama Ligunda, na Ligunda alipolalamika njaa nilikwenda mbio kumtazama kuku.

"Bwana Kuku," Ligunda alinitania, "mwambie mwenzangu asinywe maji mengi, nitashindwa kutoka nje na mguu huu."

Nami nilimnyima kuku maji mpaka Mzee Feruzi akanikemea.

Kila juma Bwana Mkubwa alikuja. Alimtoa kuku tunduni, akamgusa kwa fimbo, akasema, "Tembea!" Kuku akaruka kwa mguu mmoja. Bwana Mkubwa akaguna, akaenda zake. Sisi tukapumua.

Halafu yakaanza maajabu. Siku moja nilitumwa kuni, niliporudi nikakuta kuku wangu mwekundu amekuwa mweusi mweusi mbawani. Nilishtuka, lakini shule ya usiku ilinifundisha kufikiri, nikafikiri: maumivu huvuta damu, na damu ikikaa mbawani hukolea rangi. Nikamweleza Bibi. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Inawezekana." Nikaueleza mji mzima, na mji mzima ukaongeza chumvi. Mvua zilipoanza kupungua, nilitumwa tena kuni mbali, na niliporudi kuku alikuwa ameota shungi kichwani. Hilo halikunishinda pia. Siku ileile Ligunda alikuwa amejigonga kwenye boriti ya mlango akijaribu kusimama, na paji lake lilikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai. Kuku ameota juu, mtu amevimba juu. Ushahidi gani zaidi ya huo?

Sasa ikaja siku ambayo hata leo nikiikumbuka lazima nisimame. Bwana Mkubwa alikuja na askari wawili na mnyororo. Alikuwa amechoka kungoja. Akamtoa kuku, akamgeuza, akamgeuza tena, akamweka chini polepole.

"Huyu siye," akasema. "Yule hakuwa na shungi."

Mzee Feruzi alikuwa anakunja vitambaa. Akaendelea kukunja. Bibi Lihami alikuwa anachuna kamba kwenye gome, akaendelea kuchuna. Ligunda alikuwa ameketi kitandani, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Askari mmoja akasogeza mnyororo mguuni kwa Bibi.

Hapo mimi nikaruka mbele. Niliudhika! Baada ya kazi yote ile, mtu aje kusema simjui kuku wangu?

"Bwana, ni yeye! Nalala naye chumba kimoja. Kila asubuhi namwamkia. Rangi amebadili kwa maumivu, na shungi ameota siku Ligunda alipovimba paji, mtazame mwenyewe! Ukimchinja huyu, Bwana, mtu wako anakufa hapa hapa, na mimi nitakuwa sina kazi!"

Na machozi yakanitoka, kwelikweli, kama mtoto.

Bwana Mkubwa akanikamata kidevu, akaniinua uso juani. Alinitazama jicho hili, akanitazama jicho lile. Alitafuta uongo usoni mwangu kama tunavyotafuta funza, kwa subira, na hakuupata. Akaniachia.

"Huyu mjinga hawezi kudanganya," akamwambia askari wake. "Na kuku wa hapa wote sura moja. Chukua mnyororo."

Walipotoka, Bibi Lihami aliweka gome chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu utosini. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa nimelia.

Ligunda alianza kwa kusimama akiwa ameshika ukuta. Kisha akatembea kwa fimbo, kisha bila fimbo, Bibi akimsugua mguu kwa mafuta ya ufuta asubuhi na jioni na kumtukana kila alipofanya uvivu. "Unatembea kama bata wa padri! Kanyaga! Mguu ni wako au wa jirani?" Ndipo Bibi alipotangaza kuku yu tayari. Kuku akafunguliwa vibanzi mbele ya Bwana Mkubwa, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cha Bwana, akakidonoa. Ligunda akatwishwa mzigo wa chumvi, akazunguka boma, akaenda kivukoni, akarudi. Kesho yake alipanda Mahenge na msafara, na akarudi kwa miguu yake miwili, akilalamika mabega tu.

Bibi akapewa kibati. Alikiangalia, akauliza kinatibu nini. Aliomba aondoke na kuku wake, akakubaliwa, nami nikamsindikiza kuku hadi kwenye mtumbwi kwa huzuni kubwa.

Kuanzia hapo waganga walianza kuja. Daktari aliposikia habari alishuka tena, akabishana tena, safari hii akapata nyumba ya matete ya wagonjwa na debe la mtama. Huo ndio usimamizi nilioufanya miaka iliyobaki ya Mdachi: kukaa na kutazama. Alikuja mama wa Sanje aliyetibu kuumwa na nyoka. Wagonjwa wake wengi waliishi, nasi tulisema hivyo. Alikuja bwana mmoja mwenye pembe saba na kofia ya ngozi aliyedai kutoa homa kwa kuipigia kelele. Mgonjwa wake alipata uziwi wa kelele, homa ikabaki. Tulimzuia, akatulaani, na laana yake nayo haikufanya kazi. Mzee Feruzi alinifunza kuuliza maswali matatu tu kwa kila mmoja, awe wa mkoba au wa chupa: unanawa? unajua usichokijua? mgonjwa wako wa mwaka jana yuko wapi? Ulizeni hayo mpaka leo, mwulizeni hata daktari, ila mwulizeni kwa heshima.

Mzee Feruzi alifariki mwaka Mdachi alipokuwa anaondoka, nami nikalirithi beseni. Mwingereza akaja na chupa zake na fomu zake. Nimefanya kazi mpaka macho yamekataa kuona tundu la sindano, wakaniambia nikapumzike. Sijui kupumzika. Juma la kwanza nilifagia uwanja mpaka ukawa shimo. La pili nikaamua kuvuka kwenda Lupiro kumuaga Bibi Lihami, niliyesikia bado yu hai.

Ligunda mwenyewe alinivusha, mvi zimemjaa kifuani, akipiga kasia kwa kusimama na kuukanyagia mguu ule. Bibi tulimkuta amekaa mkekani, macho yamefifia, ulimi haujafifia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Bwana Kuku. Umekonda. Hukulishwa na serikali?"

Tukacheka. Nikamwambia vijana wanataka niandike habari zangu, na kwamba nitaanza na yule kuku wa ajabu, mmoja peke yake, aliyebadili rangi na kuota shungi kwa maumivu ya binadamu mwenzake.

Bibi akageuka kumtazama Ligunda. Ligunda akatazama mto.

"Hamjamwambia mpaka leo?" Bibi akauliza.

"Kuniambia nini?"

"Kuku walikuwa watatu, mjukuu wangu."

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

"Kuku hupona upesi kuliko mtu," akasema. "Huyo mwekundu wenu alitaka kukanyaga wakati mfupa wa Ligunda bado mbichi kama muwa. Angepelekwa Mahenge na mzigo, mguu ungekatika njiani, nami ningekuwa mnyororoni. Feruzi akakutuma kuni, nikamfunga mwingine, wangu niliyemficha huku kwetu. Huyo naye akapona, nikamleta wa tatu."

"Na mimi mbona mlinificha?"

"Tungekuambia, yule Mzungu angeliona usoni kwako. Wewe uongo mkubwa unauweza. Mdogo unakushinda."

Nikauzunguka mkeka mara mbili. Halafu nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Na yule mwekundu? Wa serikali? Alikwenda wapi?"

"Ligunda alimnywa mchuzi," Bibi akasema. "Ilikuwa njaa, na mfupa hauungi kwa njaa."